SOMO LA BIASHARA: HAKI ZA MDAI KAMPUNI INAPOFILISIKA

Mfanyabiashara anayeipelekea kampuni bidhaa kwa mali kauli huwa ameikopesha kampuni hiyo, hata kama hakuipa fedha taslimu. Inapotokea kampuni kufilisika kabla ya siku ya ahadi, wadai wengi hukosea kwa namna mbili. Wapo wanaokimbilia ghalani kujichukulia walichokipeleka, na wapo wanaokaa kimya wakingojea kuitwa. Wote wawili huhatarisha haki zao. Madhumuni ya somo hili ni kueleza hatua anazopaswa kuzifuata mdai, na sababu zinazofanya baadhi ya wadai walipwe kamili na wengine waambulie kidogo au wakose kabisa.

KAMPUNI NI MTU MBALI

Jambo la kwanza la kufahamika ni kwamba, kwa mujibu wa sheria, kampuni ni mtu mbali na wenye hisa wake. Msingi huu ulithibitishwa na Baraza la Malodi la Uingereza mwezi wa Novemba 1896, katika kesi ya Aron Salomon, mtengenezaji wa viatu wa mjini London. Salomon aliiuzia biashara yake kampuni aliyoiunda mwenyewe. Katika hisa 20,007 za kampuni hiyo, hisa 6 tu zilikuwa za mkewe na watoto wake. Zilizobaki zote zilikuwa zake. Sehemu ya bei aliipokea kwa hati ya deni yenye dhamana juu ya mali za kampuni. Kampuni ilipofilisika, Baraza liliamua kwamba Salomon hakuwajibika kulipa madeni ya kampuni kwa mali yake mwenyewe, na kwamba hati yake ya dhamana iliwatangulia wadai wasio na dhamana.

Hukumu hiyo ina mafunzo mawili kwa mdai wa leo. Kwanza, utajiri wa mwenye kampuni si utajiri wa kampuni. Pili, mwenye dhamana humtangulia asiye nayo.

SHERIA IPI INAHUSIKA

Mdai hana budi ajue kampuni anayoidai imesajiliwa wapi. Zanzibar ina Sheria ya Makampuni Namba 15 ya 2013, Tanzania Bara ina Sheria ya Makampuni ya 2002, na Kenya ina Sheria ya Ufilisi ya 2015. Misingi yake inakaribiana, lakini muda na viwango vinatofautiana. Mifano inayofuata ni ya Kenya, ambako wafanyabiashara wengi wa mwambao huuza na kununua.

HATUA ZA KUDAI

Mdai anayeidai kampuni shilingi za Kenya 100,000 au zaidi anaweza kuipelekea notisi ya maandishi katika ofisi yake iliyosajiliwa. Zikipita siku 21 bila ya kulipwa, kampuni huhesabiwa kuwa imeshindwa kulipa madeni yake, na mdai anaweza kuiomba Mahkama Kuu iamuru ifilisiwe. Ifahamike kuwa ombi hilo halimnufaishi mwombaji peke yake. Amri ikishatolewa, mali za kampuni hukusanywa kwa ajili ya wadai wote.

Mahkama inaweza vile vile kuiweka kampuni chini ya msimamizi ili ijaribiwe kuokolewa. Katika kipindi hicho kampuni huwa na kinga: hapana mdai anayeruhusiwa kufungua au kuendeleza shauri dhidi yake, wala kukamata mali zake, ila kwa idhini ya msimamizi au ya mahkama. Ndiyo maana kukimbilia ghalani hakufai. Anayejichukulia mali wakati huo anaweza kuamriwa airejeshe.

Mfilisi au msimamizi akishateuliwa, kazi ya mdai ni kuwasilisha uthibitisho wa deni lake ndani ya muda uliotangazwa. Uthibitisho huo ni mkataba, ankara, hati za kupokelea mali zilizotiwa saini na barua zilizoandikiana pande mbili. Baada ya hapo mdai anapaswa kuhudhuria mikutano ya wadai. Katika mikutano hiyo uzito wa kura hufuata kiasi cha deni, na hapo ndipo huamuliwa kampuni iendelee kujaribiwa au ifungwe.

DARAJA ZA MALIPO

Mwenye rehani juu ya mali maalumu hulipwa kutokana na mali hiyo. Katika mali nyengine, gharama za ufilisi hutangulia. Hufuatiwa na mishahara ya wafanyakazi ya miezi 4 iliyotangulia ufilisi, kwa kiwango kisichozidi shilingi 200,000 kwa kila mmoja, kisha kodi zilizotajwa na sheria. Wadai wasio na dhamana huja nyuma yao, na wao hugawana kilichobaki kwa uwiano wa madeni yao. Wenye hisa ndio wa mwisho kabisa.

Tuchukue mfano wa hesabu. Jengo la kampuni lililowekwa rehani limeuzwa kwa shilingi milioni 30, na benki yenye rehani inadai milioni 36. Benki itachukua milioni 30 zote, na milioni 6 zilizosalia zitakuwa deni lisilo na dhamana. Mali nyengine, ambazo hazina dhamana yoyote, zimeuzwa kwa milioni 20. Gharama za ufilisi ni milioni 4, na mishahara na kodi zenye kutangulia ni milioni 6. Zinabaki milioni 10. Wauzaji wa bidhaa wanadai milioni 34. Wakichanganywa na benki, jumla ni milioni 40. Kila mmoja atapata senti 25 kwa kila shilingi anayodai. Muuzaji anayedai 800,000 atapewa 200,000.

Hali inaweza kuwa nzito kuliko hiyo. Kampuni ya maduka ya Nakumatt, iliyokuwa na matawi Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, iliwekwa chini ya msimamizi mwezi wa Januari 2018 ikiwa na madeni ya zaidi ya shilingi za Kenya bilioni 30. Matawi 6 yaliyokuwa yamebaki yaliuzwa kwa kampuni ya Naivas kwa shilingi milioni 422, na mwezi wa Januari 2020 wadai walipiga kura kampuni ifungwe. Lau fedha hizo zote zingegawiwa wadai wote kwa usawa, zisingefika senti 2 kwa kila shilingi.

KINGA YA MUUZAJI

Muuzaji anaweza kujikinga kabla ya bidhaa kutoka dukani mwake. Kinga moja ni sharti la mkataba kuwa bidhaa zitabaki kuwa mali ya muuzaji mpaka zilipwe. Mwaka 1976, katika kesi ya Romalpa, Mahkama ya Rufaa ya Uingereza ilimkubalia muuzaji wa Uholanzi aliyekuwa na sharti kama hilo haki ya karatasi zake za alumini ambazo hazijatumika. Sharti hilo lazima liwemo katika mkataba tangu mwanzo, na bidhaa ziwe zinaweza kutambulikana, kwa namba au alama, kuwa ni zile zile.

Kadhalika, mdai ambaye naye anadaiwa na kampuni hiyo hiyo aeleze madeni yote mawili, kwani sheria huruhusu yakatwe moja kwa jengine. Na asifanye haraka ya kukubali malipo ya siri wakati wenzake hawalipwi. Mfilisi ana uwezo wa kuiomba mahkama iyatengue malipo yaliyokusudiwa kumpendelea mdai mmoja.

Kwa ufupi, mwenye kuuza kwa mali kauli aipime kampuni na si sura ya mwenyewe, aandike mkataba, ahifadhi hati zilizotiwa saini, na adai mapema. Siku ya ufilisi, mfilisi hulipima kila deni kwa ushahidi wa hati zake.