Katuni Pekee Hazimfunzi Mtoto Kiingereza

Jioni chakula kinapopikwa, mtoto wa chekechea hupewa simu ili atulie. Baada ya wiki chache anahesabu hadi kumi kwa Kiingereza, anataja rangi na kuimba nyimbo za katuni. Wazazi hufurahi. Lakini akiulizwa kwa Kiingereza amekula nini, hunyamaza.

Kimya hicho si jambo dogo. Katika mtaala wa umilisi, watoto wa chekechea hadi Gredi ya 3 hufundishwa kwa lugha inayozungumzwa katika eneo lao. Kuanzia Gredi ya 4, Kiingereza huwa lugha ya kufundishia. Mtoto aliyekariri maneno bila maana anaweza kushindwa na hesabu anayoijua, kwa sababu tu hakuelewa swali.

Mwaka wa 2003, watafiti wakiongozwa na Patricia Kuhl nchini Marekani walichapisha matokeo ya utafiti kuhusu watoto wa miezi 9 kutoka familia zinazozungumza Kiingereza. Katika vipindi 12, baadhi yao walicheza na kusomewa na watu waliozungumza Kichina. Wengine waliwaona watu hao kwenye televisheni tu. Waliokaa na watu walijifunza kutofautisha sauti za Kichina. Wa televisheni hawakujifunza. Mtoto mchanga huhitaji mtu anayemtazama na kumjibu.

Watoto wakubwa huweza kufaidika zaidi. Katika eneo la Flanders, Ubelgiji, vipindi vingi vya Kiingereza huonyeshwa kwa sauti ya asili, na tafsiri ya Kiholanzi huandikwa chini ya picha. Watoto wengi huko hujua maneno kadhaa ya Kiingereza kabla ya kufundishwa somo hilo shuleni. Wao hufuata hadithi na kuielewa, hawasikii kelele tu.

Mzazi au mlezi anaweza kufanya haya:

1. Apunguze muda. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka wa 2019 unasema mtoto wa chini ya miaka 2 asitazame skrini, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku.

2. Atazame pamoja na mtoto, asimamishe kipindi na kuuliza: "Huyu analia kwa nini?" Lugha ya nyumbani inatosha.

3. Arudie kipindi kifupi kimoja badala ya kuruka kutoka kimoja hadi kingine.

4. Achukue maneno mawili ya Kiingereza yaliyosikika na kuyatumia nyumbani, mezani au wakati wa kuoga.

5. Amwache mtoto asimulie alichoona.

Mzazi asiyejua Kiingereza asijione hana mchango. Mtoto anayeweza kusimulia kisa vizuri kwa lugha ya mama tayari anajua kupanga mawazo. Mwalimu atakapomfundisha Kiingereza, atakuwa na la kusema.