Israfu Katika Maji ya Udhu

Ndugu Muislamu, wayahifadhi maji kwa sababu gani? Wako wayahifadhio kwa uhaba. Mvua ikinyesha, husahau. Wako wanaoogopa sheria ya serikali, wasipoonekana, huacha. Sababu hizi mbili zina kikomo.

Sababu isiyo na kikomo ni kuwa maji ni amana ya Mwenyezi Mungu, na aliyepewa amana ataulizwa. Bukhari na Muslim wamepokea kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, nayo ni kadiri ya vitanga viwili vya mikono vilivyojaa, haifiki lita moja, na akioga kwa pishi, yaani mudi 4, hadi mudi 5.

Sasa tazama misikiti yetu. Mtu hufungua bomba, akazungumza na mwenziwe, maji yakamwagika bure. Na huenda jirani wa msikiti huo anunua maji kwa madumu ya mkokoteni. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi wamesema kuzidisha juu ya mara tatu ni makuruhu. Na maji yakiwa ya wakfu, ni haramu. Basi mtu huyu amekuja kutafuta thawabu, naye aondoka na dhambi!

Usiseme, "Maji ni mengi." Wingi wa kitu hauhalalishi kukiharibu. Fungua bomba kwa kadiri ya haja, lifunge upakapo kichwa, na umfundishe mwanao vivyo hivyo. Anayemcha Mungu katika tone la maji hatamsahau katika mti wala katika bahari.

Wabillahi taufiki.