Mnunuzi wa Eastlands, Nairobi, huanzia wapi mtandaoni?

Mtu wa Industrial Area au Mukuru akitaka kitu, huanza kwa kukitafuta kwenye mtandao?

Mara nyingi huanza kwa mtu. Chukua fundi wa mashine karibu na Lunga Lunga Road. Pampu imeanza kupiga kelele; anaifungua, anapangusa grisi kwa kitambaa, anasoma ukingoni mwa beringi: 6204 2RS. Kwa anayejua kusoma, namba hiyo imemaliza kila kitu: tundu la milimita 20, kipenyo cha nje 47, upana 14, mpira wa kuzuia vumbi pande zote mbili. Kitu chenye jina bayana namna hii ndicho kingefaa zaidi kutafutwa mtandaoni. Lakini fundi anapiga picha na kuituma WhatsApp kwa muuzaji aliyempa beringi iliyodumu. Bidhaa bandia nayo huchorwa 6204, na haijitambulishi mpaka mashine isimame tena. Kenya ilitunga sheria dhidi ya bidhaa bandia mwaka 2008, ila fundi hawezi kuibeba sheria dukani akapimie chuma. Kwa hiyo hoja yangu ni hii: kuiona bidhaa kumekuwa rahisi sana, na biashara ya mtandaoni itakwenda kwa yule atakayemwezesha mnunuzi kuihakiki kabla pesa haijatoka.

Kampuni za kuuza mtandaoni, Jumia na Kilimall, hazijabadilisha mazoea hayo?

Zimebadilisha jambo moja kubwa: mnunuzi sasa anajua bei kabla ya kupanda matatu kwenda mjini. Lakini angalia wanunuzi wanavyolipa. M-Pesa ilikuwa mikononi mwa Wakenya tangu 2007, miaka sita kabla ya Jumia kuanza hapa. Kulipa mapema hakukuwa na kizuizi chochote cha kiufundi, na bado Jumia ililazimika kuruhusu watu walipe mzigo ukifika. Tatizo halikuwa njia ya kulipa; lilikuwa imani. Kwenye TikTok na Facebook ni hivyo hivyo: video inakuletea sufuria ambayo hukuiwaza, kisha unashuka kwenye maoni kuona walionunua wanasemaje, na hapo ndipo unapouliza, "Iko? Bei? Mko wapi?" Swali la tatu ndilo zito.

Kampuni ya Copia iliuza kupitia wenye maduka ya mitaani na ikaanguka. Hilo halivunji hoja yako?

Ni pingamizi la haki. Copia ilianza 2013, ikawafanya wenye maduka kuwa mawakala wa kupokea oda, na Mei 2024 ikawekwa chini ya wasimamizi baada ya kukosa mtaji zaidi. Naamini kilichoilemea ni gharama ya maghala na magari kwa oda ndogondogo zilizotawanyika. Wateja walimwamini wakala wao. Pingamizi ninaloliona kali zaidi ni jingine: kumtegemea mtu unayemjua humfungia nje muuzaji mpya, na anayejulikana anaweza kukutoza zaidi kwa sababu huendi kwingine. Hilo ni kweli, na ndiyo maana imani haipaswi kukaa kwa mtu mmoja tu.

Je, akili unde haitamaliza yote haya?

Itajibu vizuri pale palipoandikwa kitu. Sanduku la bati linalotengenezwa Kamukunji halina ukurasa, halina vipimo, na wauzaji wengi huandika "bei inbox". Mashine haiwezi kupendekeza kisichoandikwa, kwa hiyo muuzaji anayeweka bei, kipimo, namba ya bidhaa na mahali alipo atapatikana kabla ya jirani yake. Huduma kama Pick Up Mtaani tayari zinafikisha vifurushi kwenye maduka ya mitaani, na mahali kama hapo ndipo mzigo ungefunguliwa na kukaguliwa mezani, mbele ya mwenye duka, kabla ya kulipiwa. Kinachobaki kukubaliana ni nani atalipa nauli ya kurudisha beringi ikionekana si yenyewe. Kwa maoni yangu ni muuzaji, kwa kuwa yeye ndiye aliyejua alichokifunga.