Mwitaliano Ana Rangi Gani?

Muhula uliopita wageni wawili kutoka Italia walifika mtaani kwetu kukagua kisima. Wa kwanza alikuwa mzee, uso umemwiva kwa jua ukawa mwekundu kama nyanya. Wa pili alikuwa kijana mwenye nywele nyeusi, ngozi yake kahawia. "Yule mzee ni mzungu, lakini huyu kijana ni Mwarabu, wacha kunidanganya!" nikawaambia wenzangu, tena nikaweka dau la mandazi mawili. Kumbe wote wawili ni Waitaliano! Mzee alitoka Torino, kijana alitoka Palermo, kisiwani Sicily. Mandazi yangu yakaenda hivyo. Nikaona heri nijifunze, nisije nikaaibika tena.

Kwa nini nilikosea?

Waitaliano tuliowazoea hapa Isiolo ni wa misheni. Shirika la Consolata lilianzishwa Torino mwaka 1901, na wamisionari wake wa kwanza wakafika Kenya mwaka 1902. Askofu Luigi Locati, aliyeuawa hapa Isiolo mwaka 2005, naye alizaliwa Piemonte, kaskazini mwa Italia. Basi sisi tuliona watu wa upande mmoja, tukadhani tumeiona nchi nzima.

Italia ni ndefu. Yaanzia milima ya Alpi yenye theluji hadi kisiwa cha Lampedusa, ambacho kiko karibu na Tunisia kuliko Sicily. Waislamu kutoka Afrika Kaskazini walianza kuiteka Sicily mwaka 827, na kabla yao na baada yao walipita Wagiriki, Warumi na Wanormani. Hata hivyo, tusiseme ati kila mtu wa kusini ni kahawia na kila wa kaskazini ni mweupe. Palermo wapo wenye nywele za rangi ya dhahabu, na Torino wapo wenye nywele nyeusi. Rangi ya ngozi hutokana hasa na melanini, na kiasi chake hutofautiana hata kwa ndugu wa tumbo moja.

Weupe wa kuamuliwa

Jambo lililonishangaza zaidi ni hili. Mwaka 1922, katika jimbo la Alabama, Marekani, mtu mweusi aitwaye Jim Rollins alikuwa amehukumiwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke mweupe. Mahakama ya rufaa ikaitengua hukumu hiyo. Kwa nini? Mwanamke huyo alitoka Sicily, na mahakama ikasema kutoka Sicily hakuthibitishi kwamba mtu ni mweupe! Miaka 16 baadaye, mwaka 1938, serikali ya Mussolini ikatangaza kwamba Waitaliano ni taifa safi la Kiarya. Je, ngozi zao zilibadilika katika miaka hiyo? La. Kilichobadilika ni maneno ya wenye mamlaka.

Mambo hayo hayajaisha. Mwaka 2024 Paola Egonu, mzaliwa wa Italia ambaye wazazi wake walitoka Nigeria, aliisaidia Italia kushinda dhahabu ya voliboli katika Olimpiki ya Paris. Mjini Roma akachorwa ukutani kwa heshima. Haukupita muda, mtu akaja akaipaka ngozi ya picha ile rangi ya waridi. Ati Mwitaliano hawezi kuwa mweusi.

Na sisi je?

Wahenga walisema nyani haoni kundule. Hapa kwetu Mborana, Msomali, Mturkana, Mmeru na Msamburu hukaa darasa moja, na kila siku tunapimana rangi. Maji ya kunde husifiwa, mweusi huchekwa. Tena "mweupe" wetu si mweupe, ni rangi ya chai ya maziwa! Neno "mzungu" nalo halina rangi ndani yake. Wengi hulihusisha na kuzunguka.

Mwenzangu wa dawati ni mweusi ti. Darasa lote humwita Makaa. Jina hilo nililianzisha mimi, tulipokuwa kidato cha kwanza, nikidhani ni mzaha tu. Mwezi jana daftari zake zilianguka, na kichupa cha krimu ya kujichubua kikaanguka nazo. Hapo ndipo nilipotambua yale madoa mekundu mashavuni mwake ni ya nini. Tofauti yangu na yule wa Roma ni kwamba yeye alipaka ukuta.

Nilimwomba msamaha. Akaniambia, "Jina langu si unalijua? Basi niite." Sasa ninamwita kwa jina lake, na wewe msomaji ukimjua, fanya hivyo hivyo.

Zoezi

1. Eleza kwa nini watu wa Isiolo waliwadhania Waitaliano wote kuwa wa rangi moja.
2. Taja majina matatu ya rangi ya watu yanayotumika shuleni mwako. Lipi hulisifu? Lipi huumiza?
3. Tunga sentensi tano za kumweleza rafiki yako bila kutaja rangi ya ngozi yake.