Kamati, Daktari na Diwani

"Mimi ni binti wa miaka 22, kwetu ni Kitendaguro, Manispaa ya Bukoba. Nilimaliza kidato cha sita mwaka 2022, nikakaa nyumbani mwaka mmoja, kisha nikapata ufadhili wa kusoma shahada ya biolojia Marekani. Sasa niko mwaka wa tatu na nataka kuomba udaktari. Hapa chuoni kuna kamati inayoandika barua moja ya mapendekezo kwa niaba ya chuo. Mwenyekiti wake hanijui, hata jina langu linamshinda kutamka, na mwaka wa kwanza niliharibu kemia. Nina profesa wa maabara anayenifahamu vizuri, na kuna daktari wa Bukoba niliyejitolea chini yake mwaka 2023 wakati wa mlipuko wa Marburg. Naona bora niachane na kamati nitumie barua za hao wawili. Baba naye kila akipiga simu anasema ameshaongea na diwani na sasa anamtafuta askofu, wote waniandikie. Sina usingizi. Nifanyeje?"
Binti wa Kitendaguro

Mwanangu, omba barua ya kamati, na ya daktari iende pamoja nayo. Ya diwani tutaizungumza mwishoni, maana ile inataka adabu kuliko maarifa.

Wasomaji wa nyumbani watashangaa mtu kukosa usingizi kwa ajili ya barua. Kwetu udaktari huamuliwa na matokeo. Aliyefanya Fizikia, Kemia na Baiolojia akapata angalau D kila somo, yaani pointi 6, anaruhusiwa na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kuomba. Baada ya hapo ni mbio za alama kuingia vyuo vya Muhimbili, Bugando au KCMC, na hakuna anayepiga simu shuleni Rugambwa kumuuliza mwalimu kama binti ni mvumilivu. Barua tulizozizoea ni za mtendaji wa mtaa: huyu ni mkazi wangu, namfahamu, muhuri, tarehe.

Huko uliko udaktari husomwa baada ya shahada ya miaka minne; mtu hufanya mtihani wa MCAT ambao alama zake zinaanzia 472 na kukomea 528, ndipo anapotuma maombi kwa AMCAS, mfumo wa pamoja unaoendeshwa na AAMC, jumuiya ya vyuo vya udaktari vya Marekani. Waombaji kwa mwaka ni zaidi ya 50,000, na ukiwapanga kwa alama utakuta maelfu wamesimama mstari mmoja. Barua ndizo zinazosaidia kuwatenganisha.

AMCAS inazipokea kwa sura tatu. Kuna barua ya mtu mmoja anayekufahamu. Kuna fungu la barua ambazo chuo kimezikusanya na kuzituma bila chenyewe kutoa maoni. Na kuna barua ya kamati, ambamo chuo kinasema wazi kinakuonaje, mara nyingi kikiambatanisha barua za walimu wako. Fungu lote la kamati linahesabiwa kuwa barua moja kati ya 10 zinazoruhusiwa, na ni wewe unayepanga ipi iende chuo kipi. Kila chuo kina kikomo chake, na usikivuke. Hata hivyo vingi vinapokea barua ya kamati na nyingine moja au mbili juu yake. Umejibana kwenye kona ambayo haina ukuta.

Sasa kwa nini usiikwepe kamati. Vyuo vingi vya udaktari vinajua vyuo gani vina kamati na vipi havina. Mwombaji anayetoka kwenye chuo chenye kamati akaja bila barua yake huulizwa sababu, na wakati mwingine fomu yenyewe ina nafasi ya kuandika maelezo hayo. Unaweza kuwa na sababu safi kabisa, lakini msomaji wa faili lako, aliyebakiza mafaili mia mezani, ataanza kujiuliza kamati ilijua nini. Tena wewe si raia wa Marekani. Kati ya vyuo zaidi ya 150 vinavyotoa shahada ya MD kule, vinavyopokea waombaji wa kigeni ni sehemu tu, na baadhi yake vinataka uthibitisho wa fedha za ada kabla hujaanza masomo. Njia yako ni nyembamba tayari. Usiwape swali jingine la kukuuliza.

Kuhusu mwenyekiti asiyekujua, hapo nakulaumu kidogo, ingawa naelewa. Binti aliyelelewa Kitendaguro hafundishwi kwenda kukaa mbele ya mkubwa na kuanza kujieleza. Tungemwita mwenye kujipendekeza. Huko walimu hutenga saa maalumu kila wiki kwa ajili ya mwanafunzi kuingia na kuzungumza, na asiyeingia huhesabiwa kuwa hana la kusema. Nenda. Mwambie jina lako linavyotamkwa, mara mbili ikibidi. Mweleze ulikotoka na kwa nini udaktari. Halafu umtolee hiyo kemia wewe mwenyewe kabla hajaikuta kwenye karatasi: ulikuwa na miezi mingapi nchini humo, maabara ilikushindaje, ulibadilisha nini, muhula uliofuata ulipata nini. Kamati inakutaka uandike insha na kufanya usaili kwao kwa sababu hiyo hasa. Ukijitetea mwenyewe kuhusu alama mbaya unasikika kama unalalamika, lakini kamati ikisema alama hiyo ilitoka wapi na iliishia wapi, yanakuwa maelezo. Hakuna profesa mmoja mmoja atakayekufanyia hivyo. Wa maabara anaijua maabara yake tu.

Kabla hujajaza fomu zao, muulize mshauri wa chuo: je, barua za walimu zinakwenda nzima, au kamati inachota sentensi kadhaa na kuzipachika ndani ya yake? Kama zinakwenda nzima, profesa wako wa maabara ameshaingia, huna haja ya kumsumbua mara mbili. Kama wanachota tu, mwombe atume ya kwake pia, peke yake. Muulize vilevile barua hutoka lini. Kamati nyingine hukamilisha Juni, nyingine huburuza hadi Agosti, na maombi yanapokelewa kuanzia mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni. Hilo lisikutishe sana, kwa kuwa AMCAS huanza kuhakiki alama zako bila kungoja barua, nazo zinaweza kufuata. Lakini Agosti ni kuchelewa kwa mtu mwenye vyuo vichache vya kuomba. Na muulize kama kamati ina utaratibu wa kuwapanga waombaji kwa daraja. Ikiwa inawapanga, nawe ukaambiwa kwa upole kwamba utawekwa mkiani, au kwamba wastani wako haufikii kiwango chao, basi hapo ndipo barua za mtu mmoja mmoja zinapokuwa chaguo la haki, na sababu ya kuandika kwenye ile nafasi ya maelezo unayo. Vyuo vingi vitataka walimu wawili wa sayansi na mmoja wa somo lisilo la sayansi. Mtafute huyo wa tatu mapema hata kama hutamhitaji.

Sasa daktari wa Bukoba, ambaye kwangu ndiye kiini cha barua yako ingawa umemtaja kwa mstari mmoja.

Machi 21, 2023 serikali ilitangaza kwamba ugonjwa uliokuwa ukiua watu Maruku na Kanyangereko, Bukoba Vijijini, ni Marburg. Hadi ulipotangazwa kwisha Juni 2, wagonjwa walikuwa 9 na waliofariki 6, miongoni mwao mhudumu wa afya. Wewe ulikuwapo. Kamati iliyoko ng'ambo ya bahari haikukuona ukiongea na mtu anayeogopa kupelekwa kwenye uangalizi, wala profesa wa maabara hakukuona. Daktari alikuona. Barua yake ndiyo pekee inayoweza kusema ulifanya nini mahali ambapo watu wazima walikuwa wanakimbia.

Ila nazijua barua zetu. Nimewahi kukaa kwenye jopo la kuchuja waombaji wa ufadhili, na barua kutoka hospitali na shule zetu zilikuwa kama zimetoka kwenye kinu kimoja: "Namfahamu mwombaji kwa muda mrefu. Ni mtiifu, mchapakazi na mwenye nidhamu. Naomba apewe ushirikiano." Nusu ukurasa, sahihi, muhuri mkubwa wa bluu. Mwandishi alikuwa amekusudia heshima, na kwa Kiswahili cha ofisi heshima hiyo inaeleweka. Msomaji wa Boston au Chicago anaelewa vingine kabisa, kwamba huyu aliyeandika hana la kusema. Kwake utii si sifa ya daktari. Anataka kujua mlikuwa pamoja wiki ngapi, kazi yako ilikuwa ipi hasa, siku gani mambo yaliharibika na wewe ulifanya nini, na ukilinganishwa na vijana wengine aliowahi kuwasimamia unasimama wapi.

Na kuna jambo jingine ambalo wewe na mimi tunalijua. Utampigia daktari simu, ana zamu, ana wagonjwa kwenye foleni, na kwa nia njema kabisa atakwambia: "Andika mwenyewe, nitasaini." Usikubali. Kwanza ni udanganyifu, hata kama nusu ya nchi inaufanya. Pili, wasomaji wa mafaili yale wanakaa nayo mwaka hadi mwaka. Insha yako na barua ya "daktari" zikiwa na mkono mmoja watalinusa. Tatu, kwenye fomu utaulizwa kama unaacha haki yako ya kuzisoma barua, haki waliyopewa wanafunzi na sheria ya Marekani ya mwaka 1974. Iache, maana barua ambayo mwombaji angeweza kuichungulia haipewi uzito. Ukishaiacha, utakuwaje mwandishi wake?

Mwambie hivi: "Shikamoo daktari. Wanataka maneno yako mwenyewe, na nimeshatia sahihi kwamba sitayaona. Naomba nikutumie ukurasa mmoja wa kumbukumbu." Ukurasa huo uwe na tarehe, vijiji mlivyopita, kazi ulizopewa, tukio moja au mawili ambayo huenda ameyasahau, na maswali yale manne ya msomaji niliyoyataja hapo juu. Sifa usiweke hata moja, hizo ni zake. Mpe pia maelekezo ya kiutendaji bila kuona haya: aandike kwa Kiingereza, kwenye karatasi yenye nembo ya hospitali, aweke tarehe na sahihi, aipakie mwenyewe kupitia kiungo atakachotumiwa kwenye baruapepe. Asikutumie wewe kwa WhatsApp uifikishe. Akisema hana muda, mshukuru na usimbembeleze. Barua iliyoandikwa kwa kubembelezwa inarudi kuwa ile ya nusu ukurasa. Anza kumtafuta Februari, isizidi Machi.

Tumefika kwa baba. Mzee ni nshomile, Mhaya anayejivunia usomi, anataka kila mlango ugongwe, na kwa mila yetu hakosei: mtoto anayekwenda mbali hutangulizwa na watu wazito. Lakini diwani akiandika atasema anamfahamu baba yako. Askofu naye, kama hajawahi kukufundisha wala kukusimamia, atasema familia ni ya waumini wazuri. Wasomaji wa kule watajiuliza kwa nini binti mwenye maabara na hospitali nyuma yake amekwenda kutafuta vyeo, na zile nafasi chache za barua zitakuwa zimeliwa.

Usimwambie baba kwamba barua zake hazifai. Mwambie chuo kimetaja aina ya watu wanaotakiwa kuandika, waliokufundisha na waliokusimamia kazi, na kwamba unaogopa kuvunja masharti. Ndivyo ilivyo, na hakuna anayevunjiwa heshima. Mwombe awashukuru wazee wote wawili. Kisha mpe kazi, kwa sababu anachotafuta ni namna ya kusaidia. Wewe uko mbali na saa zenu zimepishana. Yeye anaweza kupita hospitali, akamsalimia daktari, akamuuliza kama baruapepe ya kiungo imefika au imeangukia kwenye taka. Na anaweza kuanza kukusanya nyaraka za fedha za familia na za mfadhili, maana zitaulizwa na vyuo vile vinavyotaka uthibitisho wa ada, na kuzipata kwa haraka kutoka benki si kazi ya siku moja.

Kama kamati itakukatalia, niandikie tena kabla ya Mei, uniambie na sababu waliyoitoa. Orodha ya vyuo unavyoomba iambatanishe, na kando ya kila kimoja andika kinataka barua ngapi na za nani.