Umri wa Msumeno wa Mnyororo

Nina swali. Msumeno wa mnyororo, ule ambao hapa kwetu Isiolo watu huuita pawasoo, wafaa kuishi miaka mingapi? Wengine husema mitatu, wengine kumi. Mimi nasema swali lenyewe lina kasoro, na nilijifunza hivyo kwa uchungu.

Mjomba wangu hukata mathenge kwa kibarua. Mti huu, kama tujuavyo, uliletwa kuzuia jangwa, kisha ukavamia malisho na kingo za mito hata serikali ikautangaza kuwa gugu hatari mwaka wa 2008. Karo yangu hutokana na kazi hiyo. Likizo ya Agosti mwaka jana mjomba alinituma nijaze tangi la msumeno. Nami, kwa haraka zangu, nikatia petroli tupu. Msumeno ukanguruma dakika chache, ukapiga kelele ya ajabu, kisha kimya. Tukavuta kamba, wapi! Haikuvutika. Mjomba hakunigombeza. Alisema tu, "Umeuua, mwanangu." Muhula wa tatu nilirudi shuleni nikiwa nimechelewa wiki tatu.

Kwa nini ulikufa? Injini ya matatu ina oili yake mbali na petroli. Ya msumeno haina. Oili huchanganywa ndani ya petroli, nayo ndiyo hulainisha pistoni. Ikikosekana, pistoni husuguana na silinda, joto hupanda, na vyuma hugandana. Kipimo cha misumeno mingi ya siku hizi ni 50 kwa 1, yaani lita 5 za petroli kwa mililita 100 za oili. Mingi ya zamani hutaka 25 kwa 1, yaani mililita 200. Soma kitabu cha mashine yako.

Sasa turudi kwenye umri. Msumeno hauhesabiwi kwa miaka bali kwa saa za kazi. Tupige hesabu. Mkata miti afanyaye kazi saa 5 kwa siku, siku 6 kwa wiki, hutimiza saa 1,560 kwa mwaka. Mwenye shamba autumiaye saa moja kwa mwezi hutimiza 12 tu. Mwaka mmoja wa yule ni sawa na miaka 130 ya huyu! Basi msumeno wa nyumbani uliotunzwa waweza kupita miaka kumi bila shida. Wa kibarua utachoka mapema zaidi, lakini usife kabla ya siku zake.

Matunzo yenyewe ni haya:

1. Safisha chujio la hewa kila siku ya kazi. Vumbi letu likipenya hula silinda kama msasa.
2. Noa mnyororo kwa tupa. Ukitoa unga badala ya vipande, umekuwa butu na injini yateseka bure. Usiuache uguse mchanga.
3. Jaza oili ya mnyororo kila ujazapo petroli. Elekeza ncha kwenye karatasi nyeupe bila kuigusa, ongeza moto. Mchirizi wa oili ukionekana, mambo ni sawa.
4. Geuza mara kwa mara lile bapa ambalo mnyororo hulizunguka, lisilike upande mmoja.
5. Ukiuweka kwa wiki nyingi, mwaga petroli. Ikikaa huharibika na kuziba kabureta.

Mnyororo, bapa na plagi vikiisha, hununuliwa vingine. Hicho si kifo. Kifo ni cha pistoni na silinda, kwa sababu bei yake yaweza kukaribia ya msumeno mwingine.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mjomba alinunua msumeno mwingine wa mkono wa pili, kwa deni. Nikiwa nyumbani, mimi ndiye huandika saa zake daftarini na kupima oili. Juzi alinikabidhi mtungi wa petroli bila kusimama kunitazama. Wanachama wenzangu, siku hiyo nilifurahi kuliko siku ya matokeo.