Tamaa Yangu, Deni la Nani?

Somo: Mwanzo 39:7–20

Majirani zetu Waislamu hapa Bongwe humwita Zulekha. Sisi twamjua kama mke wa Potifa. Ni mwanamke yuleyule. Alimtamani Yusufu, akakataliwa, akamsingizia. Na nani alilipa? Yusufu, gerezani.

Nilisomea biashara, lakini hesabu hiyo sikuiona. Nilichukua mkopo ninunue gari, nionekane. Marejesho yaliponishinda, mke wangu ndiye aliyeuza cherehani yake. Kwa hivyo ndugu zangu, tusicheke tukisema, "Wanawake hao!" Tamaa haichagui mume wala mke.

Swali la wiki: kile unachokitamani leo, nani nyumbani atakilipia? Mtaje kwa jina katika maombi, kisha nenda ukazungumze naye.